Vidonge Tisa vya Baba

Ijumaa jioni, nje ya duka la simu pale mtaa wa Sharafiya, Uarabuni, Dancan alijitupa kwenye benchi bila hata kusalimia. Yeye ni dereva wa mzee wa miaka themanini na mbili ambaye nyumbani wote humwita Baba. Baba alikuwa ametoka hospitali juzi. Alilazwa akiwa anameza aina kumi na nne za vidonge. Mfamasia wa wodi akazipitia moja moja, akafuta tisa. Sasa binti wa Baba, Madam, amempa Dancan orodha ya hizo tisa: kanunue zote, yalla, haraka!

— Buda, hizo tisa zimeisha stoo, akasema Hezekiah, mlinzi wanayemwita Profesa kwa sababu ya miwani. Wameona haya kusema.

— Stoo gani? Titus, fundi wa mabomba, akamimina kahawa. Huyo mfamasia ana roho mbaya tu.

— Ama skiza, Profesa akasema. Dawa kumi na nne zikikutana tumboni, zinaunda chama. Zinapindua serikali!

— Na hizo tano zilizobaki?

— Kamati ya mpito!

Dancan hakucheka.

— Mzee akizidiwa, ni nani ataulizwa? Ni mimi. Nisiponunua, pia ni mimi.

Mwanamke aliyekuwa akingoja simu yake ibadilishwe kioo akageuka. Jina lake Pauline. Anamtunza bibi mmoja huko mtaa wa Bani Malik.

— Samahani, kaka zangu. Hizo tisa zilikuwa za ugonjwa gani?

Dancan akakunjua karatasi.

— Hii ya usingizi. Hii ya kizunguzungu kinacholetwa na hiyo ya usingizi. Hii ya goti. Hii ya tumbo, kwa sababu ya hiyo ya goti.

— Goti bado linauma?

— Lilipona mwaka juzi.

— Na hizi tano za chini?

Profesa akavaa miwani vizuri, akaivua. Titus akatazama magari.

— Na tangu aziache, Pauline akauliza, mzee anaendeleaje?

Dancan akafikiri.

— Jana aliniita Dancan. Miezi minane alikuwa ananiita Rashidi.

Akampigia Madam. Kwa Kiarabu chake cha kuungaunga akamwomba wamuulize kwanza yule mfamasia.

— Alinieleza kwa nini alizifuta, Madam akasema. Niliogopa tu kuziacha. Halas, basi, usinunue. Kesho nitampigia mwenyewe.

Mara simu ikanyakuliwa mkononi mwake.

— Uko wapi wewe? Baba akafoka. Nipeleke sokoni, nataka samaki, na nitawachagua mwenyewe!

Dancan akaacha kahawa nusu, akakimbilia gari.