Mama Drusilla Anyiko, Aliyetoboa Ukuta Chama Kisife

Mama Drusilla Anyiko ametumikia Chama cha Wauguzi na Wakunga, tawi la Kisii na Nyamira, miaka kumi na saba. Alianza 1961. Anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1978. Kazi yake ilikuwa kutafuta wanachama na kuwazuia wasitoroke. Kuwatafuta ni ngumu. Kuwazuia ni ngumu zaidi. Yeye aliweza yote akicheka.

Mimi Ogari, kibarua wa tawi, nimeambiwa niandike kwa sababu nimekaa naye kuliko wengine. Shule yangu ni kidogo. Nitasema tu vile ilikuwa.

Alitoka upande wa ziwa. Watu wakamwita Mama Samaki, wakidhani atakasirika. Safari iliyofuata akawaletea samaki. Wakanyamaza, wakala.

Alienda kwa baiskeli mpaka Nyacheki, mpaka Nyansiongo, na milima yote hii mnaijua. Akifika dispensari, hasemi habari ya chama. Anavaa aproni, anachemsha sindano, anafunga vidonda mpaka foleni inaisha. Halafu anauliza, "Sasa ndugu yangu, unaingia lini?" Utakataa namna gani?

Mmoja alijaribu. Dresa Alfayo, mfunga vidonda wa Nyansiongo, alimwona kwa mbali, akajificha ndani ya mahindi. Mama Drusilla akakalia kiti chake, akaanza kutibu watu. Mzee mmoja akasifu kwa sauti kubwa, "Huyu mama ana mkono mwepesi! Alfayo wetu anakushika kama anachuna ng'ombe." Mahindi yakatikisika. Alfayo akatoka mbio na majani kichwani. Akasema ataingia chama leo leo, bora huyu mama arudi kwake. Mpaka sasa ni mwanachama. Ameketi hapo mbele, anajifanya hasikii hii karatasi ikisomwa.

Msifikiri ni mchezo. Sista wa mashambani, yaani muuguzi, yuko peke yake. Mama mjamzito analetwa kwa machela, mtoto amekaa vibaya, na daktari hayuko. Mkutano wa chama ndiyo ilikuwa shule ya huyo sista. Tulikutana Jumapili baada ya misa, maana Jumamosi ni ya Wasabato. Aliyekosa mkutano alikosa kujua, na kuna mtu angekufa kwa sababu hiyo.

Mwaka wa 1969 Mama Drusilla akakosea. Akakosea vibaya sana!

Kulikuwa na dresa mkubwa wa Nyakoe, Mzee Momanyi. Mke wa kijana wake, Bonareri, ni mkunga, akaingia chama pia. Mama Drusilla akafurahi kama mtu ameokota ng'ombe. Akawaweka benchi moja, bega kwa bega. "Tazameni! Familia ya chama!"

Hapa kwetu baba hakai hivyo na mke wa kijana wake. Wala hasikii maneno ya mwili pamoja naye. Hiyo heshima tunaita ensoni. Mama wa ziwa hakujua. Tena siku hiyo somo lilikuwa kuzaa. Akachora ubaoni, akachora kubwa, hakubakisha kitu.

Mzee Momanyi akaangalia mabati. Akaangalia viatu vyake. Halafu akaruka dirisha. Mtu mzima, na koti! Bonareri akatoka kwa mlango wakati huo huo. Wazee wote wenye wakwe wakamfuata Momanyi, kila mtu na dirisha lake. Wakatuma neno: chama basi.

Nairobi wakasikia tumepungua. Wakasema tawi lisilo na watu hamsini litafungwa, watu waende Kisumu. Nani wa Nyacheki ataenda mkutano Kisumu? Bwana Okeyo wa makao makuu akasema anakuja mwenyewe. Majina hataki. Anataka kuona watu, ndani ya chumba kimoja, kama kanuni inavyosema.

Mama Drusilla akaenda kwa Momanyi kuomba msamaha. Mimi nilibeba sukari.

"Mama, sina ubaya na wewe," Momanyi akasema. "Lakini nikae na mke wa kijana wangu, mbele ya ile picha yako? Afadhali chama kife."

"Na nikikupa ukuta, Mzee?"

"Ukuta gani?"

"Wewe upande huu, yeye upande ule. Masikio tu yapite."

Momanyi akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema watu wa ziwa ni wagonjwa. Akakubali.

Basi nikatoboa ukuta kati ya chumba cha mkutano na stoo. Tundu kama dirisha la duka, na pazia. Wazee wakakaa stoo, juu ya magunia.

Bwana Okeyo akafika. Akahesabu chumbani, akatikisa kichwa. "Mama Anyiko, pole. Hamtoshi."

"Wengine wako stoo."

"Waje hapa."

"Hawawezi."

"Wamefungwa?"

"Ni wakwe."

Bwana Okeyo akasema kanuni ni kanuni, chumba ni kimoja. Akaanza kufunga mkoba. Mama Drusilla akageukia pazia, akapiga kelele:

"Wazee! Leteni mikono chumbani!"

Pazia likafunguka kidogo. Mkono mmoja ukatoka, una saa. Halafu mwingine. Halafu mikono ikajaa pale kama ndizi kwa mkungu. Sista mmoja akalia, "Uwi! Huo ni wa baba mkwe!" Wanawake wote wakageuka ukutani, Bonareri wa kwanza, mabega yakitetemeka kwa kicheko. Bwana Okeyo akashika kila mkono na kuusalimia, asihesabu mtu mmoja mara mbili. Alipofika mwisho, hamsini walikuwa wametimia, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa kucheka.

"Tawi linabaki," akasema. "Na hii siandiki popote. Nani ataniamini?"

Tangu hapo hakuna mzee alitoroka tena. Wengine wakaleta rafiki zao, wakisema huku kuna chama chenye adabu. Sista wa Nyacheki aligeuza mtoto tumboni kwa mkono, kitu alijifunza kwetu. Huyo mtoto sasa anachunga mbuzi.

Mke wangu Nyamoita alipokufa, mimi si mwanachama, lakini Mama Drusilla alileta chama chote wakalima shamba langu. Hakuniuliza.

Kazi yake inachukuliwa na Bonareri. Jina lake lilipendekezwa na Mzee Momanyi, na hakuna aliyethubutu kupinga.

Asante, Mama. Rudi kwako, ukae vizuri, ule, ulale mpaka jua lipande, na Mungu akuongezee miaka. Na kama huko ziwani kuna sista bado hajaingia chama, tunampa pole. Mahindi hayatamsaidia.