Matuta Niliyoyaruka kwenye Makadirio

Sogeeni karibu, Geofrey na Editha wanangu, na wewe Agustino mpwa wangu usikae mlangoni kama mtu aliyekuja kudai, maana ninalotaka kusema linakuhusu wewe kuliko hao niliowazaa. Editha, shika kalamu. Akili yangu ni timamu, daktari mwenyewe amesema kilichochoka ni moyo, na mtu aliyekadiria barabara na madaraja kwa miaka thelathini hashindwi kukadiria pumzi zilizobaki, kwa hiyo nisikilizeni bila kunikatiza.

Mimi Stephano nilikuwa mkadiriaji wa kampuni ya umma ya barabara, na asiwepo mtu wa kusema kwenye msiba wangu kwamba nilikuwa karani. Wahandisi walikuja na karatasi zao, mimi nikatembea kwenye eneo lenyewe na kamba na vigingi, nikirudi nawaambia itakwenda changarawe tripu mia tatu na kumi, na kazi ikiisha zimeingia mia tatu na kumi, au imepungua moja. Kampuni ilipouzwa tukapunguzwa kazi, wenzangu walikunywa kiinua mgongo chao. Mimi nikajenga nyumba hii ya Mafiga, na kilichobaki nikafungulia machimbo ya changarawe kule Matombo. Mkisema ni majivuno, ndiyo, ni majivuno, na nimeyatolea jasho.

Sasa lile shimo. Ardhi ile si yangu wala si yenu, wanangu. Ni ya lukolo, ukoo wa mama yangu, nanyi ni watu wa ukoo wa mama yenu, Mungu amrehemu. Mjomba wangu aliniruhusu kuchimba, hakunipa. Nikiondoka inarudi kwa dada yangu Christina na mwanawe Agustino. Geofrey, usiinamishe kichwa, hilo umelijua tangu ukiwa mdogo.

Ulipokuja utaratibu wa dhamana, kwamba mwenye machimbo akadirie gharama ya kuitengeneza ardhi siku atakapofunga, na fedha hizo zikae benki zisiguswe, wenzangu wenye mashimo walinung'unika. Mimi nilifurahi, kwa sababu mwishowe nilikuwa nimeulizwa swali ninalolijua. Niliwafundisha hata vijana wa ofisini: kadirieni kana kwamba mwenye shimo amekufa au amekimbia, na kazi itafanywa na mtu baki aliyetoka mbali, akiwa na katapila la kukodi, msihesabu nguvu za watoto wake, maana watoto hawawekwi benki. Nikaandika kulaza kingo, kurudisha udongo mweusi tuliouweka pembeni, mifereji, na miche elfu moja na mia mbili ya miti. Ikaja milioni nne na laki mbili, nikaiweka yote, na ofisa akasema hajaona makadirio safi kama yale.

Kumbe niliruka kitu, tena kwa makusudi. Ukuta wa upande wa mlimani umesimama mno, haulaziki, lazima ukatwe matuta ngazi kwa ngazi ili maji yateremke taratibu. Nilijua. Kalamu ilipofika pale nikashindwa kuliandika hilo neno. Mwaka hamsini na tano, nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, tuliyakataa matuta ya mkoloni. Walitulazimisha kuuchimba mlima mzima, udongo mzuri ukafukiwa chini na ule mwekundu usioota kitu ukabaki juu, na mama yangu akatozwa faini kwa kashamba ka maharage kasikokuwa na matuta. Nilipigwa, nikalala mahabusu wiki tatu, nikatoka naimba, na hadi leo naona fahari. Basi mimi niliyeyakataa kwa mgongo wangu niyaandike kwa mkono wangu, tena niyalipie? Nikaandika mstari mmoja tu, kwamba nyasi zitaushika ukuta.

Hazikuushika. Mvua za El Nino zilipokuja ukuta ulikatika mchana kweupe, ukashuka na migomba ya Christina, mashina arobaini na ushee, ukasimama hatua kumi kutoka jikoni alipokuwa anapika. Dada yangu hakunitukana. Alinitumia salamu tu: "Mwambieni kaka changarawe yake imekuja kunisalimia, imenikuta mzima." Agustino, wewe ndiye uliyezileta, na tangu siku hiyo unaniamkia shikamoo mjomba ukitazama pembeni. Una haki. Watu wote wamelaumu mvua, nami niliwaacha walaumu mvua. Leo nasema mbele ya wanangu kwamba ni mimi.

Geofrey, karatasi iliyo mfukoni mwa shati lako ni ya yule tajiri wa malori, anayetaka nimwachie leseni na dhamana ibaki hivyo hivyo ilivyo. Sikulaumu, una watoto wa kusomesha. Lakini sitaisaini. Atachimba miaka miwili, ataondoka, kisha benki itatoa milioni nne kwa kazi ya milioni saba, na pengo hilo atalilipa shangazi yako kwa kuangukiwa na mlima. Na jina lililo chini ya hesabu ile ni langu.

Editha, andika. Machimbo yafungwe. Makadirio yarekebishwe kabla ofisa hajaja Jumatatu. Nyumba hii iuzwe. Ndiyo, Geofrey, nimesema iuzwe. Milioni mbili na laki nane zikajazie dhamana, laki tano apewe Christina kwa migomba yake, kitakachobaki mgawane sawasawa wewe na dada yako, wala asipunjwe kwa kuwa ni mwanamke. Nipe maji kidogo. Basi, yanatosha.

Agustino, matuta haya si yale. Yale yalizika udongo mzuri, haya yanakatwa kwenye ukuta uliokwisha kuwa mtupu, na udongo mweusi unarudishwa juu yake. Watu wakicheka kwamba mjomba wako aliyakataa matuta ujanani na akafa akiyalipia, waambie yote mawili ni kweli, na yote mawili aliyafanya akiwa na akili zake. Mnizike Matombo, kwa mama. Padre asihubiri kirefu, watu wana mashamba.

Nisomee hapo kwenye matuta, Editha. Matuta saba, kila moja mita sitini... mia nne na hamsini? Hapana, mwanangu. Rudia. Saba mara sitini... mia nne na ishirini. Usimpunje mtu, na usimzidishie mtu. Sasa iko sawa.

Mungu awape mikono yenye kazi na usingizi mzuri. Muwe ndugu, ninyi watatu, hata kama hamtarithi pamoja. Geofrey, nimekuridhia... nimekuridhia, baba.

Leteni nisaini. Huo wino wa dole gumba uondoeni, nimeandika jina langu tangu darasa la kwanza, siwezi kuondoka kama asiyesoma... Ste... Kalamu imekuwa nzito. Shika mkono wangu... haukazi. Haya. Urudishe wino, Editha. Chukua kidole changu... kigandamize vizuri, mwanangu, wasije wakasema alama haionekani.