Herufi za Guniani

Kwenye Hiace ya kwenda Masoko, mbele yangu alikaa kijana mwenye simu pamoja na mama yake, aliyepakata gunia tupu. Walikuwa wakichagua herufi za kuandikia KAHAWA kwenye pakiti za shamba lao. “Hizi nyembamba ndizo za kisasa, mama.” “Zina njaa,” mama akasema. Nikachungulia. Kweli zilikuwa na njaa.

Akakunjua gunia. Marehemu mumewe alikuwa ameliandika jina lake kwa brashi, ISAKWISA, gunia lisije likachanganywa na ya wenzake kwenye mizani. “Tumia hizi za baba yako.”

“Zimepinda, mama. Wateja wa mjini watacheka.”

“Mimi nilikuwa nazitambua toka mbali.”

Kijana akazipiga picha moja moja. Kituo changu kilikuwa kimeshapita; nikaendelea kuchungulia. “K ipo, A ipo, W ipo,” kijana akahesabu. “ H haipo, na baba hayupo wa kuiandika.”

Mama akamshika mkono, akaugeuza, akautazama. “Iandike wewe.”

Kijana akachora H kwa kidole kwenye ukungu wa kioo. Gari likasimama kabla hatujakubaliana kama imepinda vya kutosha.