Mama Darubini na Hukumu Aliyoacha Kuiogopa

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Darubini na hamjawahi kusikia jingine, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, mstari wa tatu, chumba namba kumi na nne. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi mitambo na mshonaji. Shangazi yake aliyekuwapo siku ile alizoea kusimulia kwamba mtoto alitoka macho wazi, akawatazama watu mmoja mmoja kama anayetafuta kosa.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na ukuta wa kiwanda kuanzia 1958 hadi 1964, kisha sekondari ya wasichana hadi 1968. Huko ndiko mwalimu wa biolojia alikomruhusu kutazama tone la maji ya dimbwi kwenye darubini pekee ya shule. Kengele ya chakula ikalia, wenzake wakatoka mbio, yeye akabaki ameinama. "Mwalimu, humu mna watu!" alisema. Siku hiyo hakula. Mwaka 1969 alijiunga na chuo cha mafundi wa maabara, akahitimu mwaka 1971.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa katika maabara ya hospitali, chumba cha damu, chenye meza ndefu ya vigae vyeupe na dirisha moja lililotazama jiko la wagonjwa. Alifanya kazi hospitalini hapo miaka thelathini na miwili. Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na baba yetu, mchora ramani wa ofisi ya ardhi, mtu mpole asiye na haraka ya neno. Walijaliwa watoto watatu. Maabara haikubaki kazini. Nyumbani vikombe vilioshwa mara mbili, masikio yetu yalikaguliwa kwa tochi, na kijana aliyekuja kumposa dada yetu mkubwa aliulizwa kundi lake la damu kabla hajaulizwa ukoo.

"O chanya, mama," alijibu.

"Haya, karibu ukae."

Sasa tunafika mahali ambapo mama mwenyewe alituagiza tusiparuke. "Msinipambe," alituambia. "Someni na lile la Agosti, la sivyo mtakuwa mmemzika mtu mwingine."

Jumanne, tarehe 22 Agosti 1989, saa nane mchana, zililetwa chupa mbili za damu ya kupima kutoka wodi ya wazazi. Zilikuwa za wanawake wawili waliofanana jina la kwanza. Mama alizibandika lebo huku akiongea na mwenzake habari za vitambaa vya mapazia. Akakosea, akaweka ya huyu kwa yule. Kanuni ilitaka apime mara ya pili, naye hakupima. Jioni ile mmoja wa wanawake wale aliongezewa damu isiyomfaa, akafariki, akaacha mtoto wa kike wa siku tatu.

Kamati iliundwa. Mama aliulizwa kama alipima mara ya pili, akajibu, "Nilipima." Fomu za wodi nazo zilikuwa na makosa, hivyo ikaamuliwa kwamba lawama haiwezi kumwangukia mtu yeyote. Alipewa barua ya kumsafisha. Baba alifurahi. Mama aliipokea barua, akaenda bafuni, akafungulia maji ili tusisikie alivyolia.

Tangu hapo mafundisho ya hukumu, ambayo alikuwa akiyasikia tangu utotoni kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati, yalimwingia mwilini. Aliamini kwa moyo wote kwamba siku inakuja ambayo kila mtu atasimama mbele za Mungu peke yake, hapatakuwa na fomu za wodi za kujifichia, na lililosemwa kimya litasikika. Akaanza kufanya kazi ya kujiokoa. Alichukua zamu za wenzake. Alitoa damu yake mwenyewe mara thelathini na moja. Kila Jumamosi alipiga deki kanisa zima, mpaka chini ya madhabahu. Watu walisema, mama yule ana bidii ya dini! Baba alimtania, "Mke wangu, huko mbinguni unakwenda kwa miguu?" Hakucheka. Sisi hatukujua kwamba tunaishi na mtu anayekimbizwa.

Ilikuwa hivyo miaka kumi na minne. Jumamosi moja ya mwezi Mei 2003 alimkuta kanisani mchungaji mpya, kijana aliyetoka chuoni majuzi, akipanga viti. Aliegemeza fagio lake ukutani.

"Mchungaji, mtu aliyefanya kosa lisilorekebishika, afanye mema mangapi ndipo apone?"

Kijana aliweka chini kiti alichoshika. "Mama, hakuna idadi."

"Basi nimekwisha."

"Sikusema umekwisha. Nimesema hakuna idadi. Hukumu yako Kristo aliibeba yeye. Ukisema utaibeba tena, unamwambia hakuimaliza."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Umwamini."

"Basi?"

"Basi."

"Mbona ni rahisi hivyo?"

"Kwako, mama. Kwake haikuwa rahisi."

Mama alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Alituambia baadaye kwamba aliogopa siku ile kuliko siku zote, lakini kwa namna nyingine, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kidogo akakuta bahari. Alimwamini. Hakumaliza kupiga deki.

Na kwa kuwa hofu ilikuwa imemtoka, sasa aliweza kusema. Alimwambia baba siku hiyo hiyo. Aliwaandikia wakuu wa hospitali ukweli wote, wakampa karipio kali na kumtoa chumba cha damu, akastaafu mwaka uliofuata bila kunung'unika. Kisha akaenda na baba mpaka karakana ya mume wa mwanamke yule aliyefariki, fundi wa kuchomelea vyuma, akamweleza akiwa amesimama. Fundi alizima mashine, akavua miwani.

"Ondoka," alisema.

Mama akaondoka. Tulipomlaumu fundi, alitukemea. "Mungu amenisamehe, ndiyo. Yule fundi hakunikosea lolote. Msamaha wake si wangu kuudai."

Baada ya miaka miwili fundi alibisha hodi kwetu. "Sijakusamehe," alisema mlangoni. "Nataka kujua kama mke wangu aliteseka." Mama alimjibu kweli tupu: ndiyo, kwa muda wa saa moja. Walilia wote wawili, kila mmoja kwenye kiti chake. Neno la kusamehe lilikuja mwaka 2011, kwa simu, sentensi moja. Yeye na binti yake wameturuhusu kusoma haya, na wameketi pamoja nasi leo.

Mwezi Januari 2023 mama aliugua tumbo, akapatikana na saratani ya kongosho. Alisoma majibu mwenyewe, akamsifu aliyeyaandika kwa mwandiko safi. Dada yetu mkubwa alimwuliza kama anaogopa.

"Kufa naogopa kidogo, maana sijawahi," alijibu. "Hukumu siogopi."

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 8 Juni 2023, aliomba tumkalishe na kumfunga kitambaa vizuri, kwani alikuwa anakwenda mbele ya Hakimu. Tulimkalisha. Baba alimshika mkono. Ilipofika saa nne na dakika ishirini alitazama mbele yake kwa muda mrefu, macho wazi, uso wa mtu aliyestaajabu. Akasema polepole, kila mmoja wetu akasikia, "Kumbe ni yeye yule yule." Akakata roho.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba na mdogo wake mmoja wa kike.

Mama yetu, pumzika katika amani ya Yule uliyemwamini.