Gauni la Kwenda Nalo Mahakamani

Sindano ilikuwa imefika katikati ya mpasuko wakati fundi bomba mmoja aliyepakata spana zake, mbele yangu kwenye treni, alipomuuliza mama aliyekuwa akishona kando yake gauni lile ni la sherehe gani.

"La mahakamani," mama akajibu. "Kesho namshtaki fundi cherehani aliyelishona. Lilinipasukia nyuma harusini kwa binti yangu, mbele ya wakwe."

"Sasa dada, mbona unaushona ushahidi?"

"Kwani nimwoneshe hakimu gauni lililoachama?"

"Ndicho anachotaka! Mahakama ya madai madogo unajisemea mwenyewe, hakuna wakili. Mimi nilipomshtaki mwenye nyumba wangu nilibeba bomba bovu lenyewe. Hakimu akaligeuza, akauliza mawili matatu, nikashinda."

"Bomba halina makalio, kaka."

Nilitazama dirishani, ingawa nje hapakuwa na cha kutazama.

"Basi peleka picha."

"Wifi alipiga nyingi. Nilimfutisha zote palepale."

"Basi shahidi wako ni hilo gauni tu. Ukilishona, fundi cherehani atasema, 'Mheshimiwa, si zima hili?'"

Mama akaanza kufumua. Alipofumua kidogo akasita. "Nikishinda, chumba kizima kitakuwa kimeniona."

"Na usiposhinda?"

Treni ikasimama kituoni kwake. Akaichomeka sindano palepale ilipofikia, akalikunja gauni, nusu limeshonwa, nusu limeachama.

"Nitamalizia kesho pale nje ya mlango, kushona au kufumua," akasema akishuka, "nikishajua hakimu ni mwanamke au mwanamume."