Nilirudishiwa Ester Nikiwa Hivi Hivi Sioni

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Naitwa Naomi, mke wa Yona fundi, wa kule ng'ambo ya mbuga. Nikianza kuongea nikiwa nimewapa mgongo, mtu wa karibu anigeuze.

Asubuhi hii mgeni mmoja ameniuliza hapo nje kama nimekuja kuombewa macho. Nimemshukuru, nikamwambia hapana, nimekuja kutoa shukrani. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu baadhi ya mambo haya yanatuhusu sisi wenyewe humu ndani.

Nilipata surua nikiwa na miaka mitano. Sikuwa nimechanjwa. Nilipona, lakini macho hayakurudi. Wazazi wangu walinipeleka shule yenye kitengo cha wasioona, nikajifunza kusoma kwa vidole na kutembea na fimbo. Nilipokua Yona akanioa, ingawa kwao walimuuliza mara nyingi kama amefikiri vizuri. Tukapata mtoto wa kike, Ester. Nilimwogesha mwenyewe, nikamlisha mwenyewe, nikamfunga njuga mguuni alipoanza kutambaa ili nijue alipo.

Ester alipokuwa na mwaka na miezi mitatu, Yona alikwenda Itigi kwenye kazi ya ujenzi. Siku moja niliipua uji, nikaweka sufuria chini, nikageuka kuchukua kikombe. Ester akaishika ile sufuria. Aliungua kiganja. Nilimmwagia maji, nikamfunga mgongoni, nikaenda naye zahanati kwa miguu. Wakamtibu, wakasema kidonda ni kidogo.

Kesho yake akaja wifi yangu Tabitha, dada mkubwa wa Yona, anayekaa Nduguti mjini. Alimwangalia mtoto mkono. Kisha akaanza kukusanya nguo za Ester.

"Wifi, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Atakaa kwangu mpaka apate akili ya kujiangalia. Wewe huoni, Naomi. Leo ni mkono, kesho je?"

Nilimpigia Yona simu. Akasema, "Acha akae kidogo, dada atamtunza." Basi Ester akaondoka. Nilisikia njuga zake zikienda mpaka barabarani, halafu pikipiki ikawaka.

Ndugu zangu, sikubishana kwa sababu moyoni niliamini ni kweli. Nilijiona nimemchoma mwanangu. Maziwa yalinijaa kifuani, nikawa nayakamua na kuyamwaga. Nilipokwenda kumsalimia, wifi alinikaribisha vizuri, akanipa chakula, lakini nikimbeba Ester alisimama pembeni yangu mpaka nimweke chini. Wapo humu walioniambia nishukuru kwamba nina mtu wa kunisaidia. Sina kinyongo nao. Walisema kwa wema. Lakini nilikuwa nikirudi nyumbani naomba jambo moja tu, Mungu anipe macho ili nirudishiwe mtoto.

Ikapita miezi mitatu. Kadi ya kliniki ya Ester nilibaki nayo mimi, na nilikuwa nahesabu. Akifika mwaka na nusu anatakiwa chanjo ya pili ya surua. Mnaelewa kwa nini surua ilinikosesha raha. Nikampelekea wifi kadi. Akasema, "Mtoto mwenyewe mzima huyu, nitampeleka nikipata nafasi." Nikarudi nayo.

Siku ya kliniki ilipofika, nilikwenda zahanati na kadi bila mtoto. Sijui nilitegemea nini. Nesi akaniuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Nikamweleza yote. Akauliza, "Nani aliamua achukuliwe? Mahakama?"

"Hapana. Wifi yangu."

"Kuna karatasi yoyote?"

"Hakuna."

"Basi hakuna aliyekunyima mtoto kisheria. Nenda Nduguti, ofisi ya ustawi wa jamii, ukamweleze afisa kama ulivyonieleza mimi."

Miezi mitatu mizima hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo, nami sikuwahi kujiuliza. Palepale zahanati nilikaa kwenye benchi nikamwambia Mungu asante, kabla hata sijapata kitu.

Niliondoka asubuhi iliyofuata. Afisa ni mama mmoja Mwislamu, anaongea taratibu. Alinisomea kwenye Sheria ya Mtoto kwamba mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake. Akanieleza na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, kwamba mtu hawezi kubaguliwa kwa sababu haoni, na kwamba nchi yetu ilikubali mkataba unaosema ulemavu wa mzazi peke yake si sababu ya kumtenganisha na mwanawe. Nilimwomba arudie. Akarudia mara mbili.

Kisha akasema, "Lakini nitakuja kwako nione mwenyewe. Mtoto aliungua, na lazima nijue yuko salama." Hapo nikaogopa.

Alikuja, akakaa asubuhi nzima. Niliwasha moto, nikapika, nikafua. Nilikuwa nimemwomba jirani anijengee jiko la udongo la kufika kiunoni na kijilango cha miti jikoni. Akauliza, "Mtoto akiwa na homa utajuaje?" Nikamwambia, "Kwa mkono, kama unavyojua wewe. Na kwa jinsi anavyopumua." Nikasikia kalamu yake ikiandika.

Alituita wote ofisini. Yona akaja kutoka Itigi. Wifi akaja na Ester.

"Mimi si mwizi wa mtoto," wifi akasema. "Namwogopea."

Afisa akamuuliza, "Mama, wewe umezaa wangapi?"

"Wanne."

"Hakuna aliyewahi kuungua?"

"Mmoja. Alimwagikiwa na chai mguuni."

"Nani alikuja kumchukua?"

Ndipo Yona akasema, "Dada, kosa ni langu. Mke wangu alinipigia simu, nikamjibu kama vile mtoto si wake. Naomi, nisamehe." Alisema mbele ya dada yake, mbele ya afisa. Afisa akaamua Ester arudi kwangu.

Nilirudi nyumbani na Ester siku hiyohiyo, tukapitia zahanati akachanjwa. Sitawaficha, hakunifurahia. Alilia siku tatu akimwita shangazi yake, na hilo liliniuma kuliko yote. Siku ya nne alikuja mwenyewe akanipandia mapajani. Wifi alikaa mwezi mzima bila kuja. Alipokuja alileta viazi, akalishikashika lile jiko, akauliza nani amelijenga, anataka la namna hiyo.

Ndugu zangu, nilikuwa naomba macho ili nipate mtoto. Mungu amenirudishia mtoto nikiwa hivi hivi. Alichoniondolea ni ule uongo kwamba mimi ni mama nusu. Alitumia nesi, alitumia mama wa ofisini ambaye hata hasali na sisi, na alitumia sheria ambazo zilikuwepo siku zote nami sizijui. Namshukuru. Namshukuru na mume wangu, yuko hapo amekaa upande wa wanaume.

Sasa nawaomba. Najua kwenye nyumba zetu kuna mtoto hapelekwi shule kwa sababu hatembei. Kuna dada asiyesikia ambaye shamba la baba yake wanalima wengine. Usikae nyumbani unalia kama nilivyokaa mimi. Mtegemee Mungu, halafu inuka ukaulize. Kama unaogopa kwenda peke yako, nione tukimaliza ibada. Jumatatu nina safari ya Nduguti. Ile ofisi ina ngazi tatu, mlango uko kushoto, na njia naijua.