Dkt. Sekela Mwambene na Bibi wa Mbagala

Dkt. Sekela Mwambene alizaliwa tarehe 9 Mei 1959 huko Masoko, Rungwe, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Anyosisye Mwambene na mkewe. Alisoma shule ya misheni jirani na kwao, akaendelea na sekondari Iringa, kisha chuo kikuu hapa Dar es Salaam, alikosomea sosholojia. Nyumbani hawakuelewa somo hilo ni la nini. Baba yake aliwaambia majirani kwamba binti anasomea kuongea na watu, wala hakuwa mbali na ukweli.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na Mwalimu Leodegar Rwegoshora, wakaishi Tabata hadi mwisho. Mwalimu hupenda kusimulia kwamba hata harusini mkewe alikimbilia meza ya wazee, akarudi na habari za ukoo mzima wa watu asiowajua.

Kazi yake ilikuwa utafiti kuhusu mauaji ya wazee. Alikwenda mikoani ambako vikongwe waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, kisha akarudi Dar na kusema hadharani kwamba mjini nako wazee wanauawa, ila kimya kimya, ndani ya nyumba, na mkono unaowapikia. Wengi hawakumpenda kwa kulisema hilo.

Novemba 2017 alikwenda Mbagala kumhoji Bi. Genoveva, mjane aliyeishi na mpwa wake katika nyumba yake mwenyewe. Mpwa alikaa nao, akimjibia bibi kila swali. Simu yake ilipoita, akatoka kwenda uani. Ndipo Bi. Genoveva akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, chai ya humu siinywi tena. Kaka yangu aliinywa."

Utaratibu wa utafiti ulimtaka Sekela asikilize, atoe taarifa, aondoke. Alijua taarifa hiyo ingezunguka maofisini huku bibi akiendelea kuletewa chai. Akamshika mkono, wakainuka, akamwambia mpwa kwamba anampeleka hospitali kupimwa macho.

Mpwa akasimama katikati ya mlango. "Bibi haumwi macho."

"Basi daktari atatuambia hivyo. Tupishe, baba."

Hakusogea. Sekela naye hakuuachia mkono wa bibi. Walibaki wakitazamana hivyo mpaka Muhsin, mwenye duka la mkabala, aliposimama kibarazani na kumwamkia bibi kwa jina, kisha akabaki palepale akiwatazama. Mpwa akapisha, na tangu siku hiyo bibi akaishi Tabata kwa Sekela.

Ofisini Sekela alisimamishwa kwa kukiuka maadili ya utafiti. Kesi ya kifo cha kaka yake bibi ilifunguliwa, mashahidi wakajitoa mmoja baada ya mwingine, mahakama ikamwachia mpwa. Ndiyo maana jina lake halisomwi hapa. Kwa miezi kadhaa gari lisilojulikana lilikuja kuegeshwa mbele ya geti la Tabata, na Mwalimu akahamishia kiti chake getini, akawa anasomea gazeti hapo kila siku.

Mwaka 2023 Sekela alianza kuugua figo. Alipolazimika kulishwa, hofu aliyoisoma kwa wengine ilimfika mwenyewe. Uji ulipoletwa, alikitazama kikombe asikiguse. Bintiye Clara alikunywa funda la kwanza, ndipo akampa mama yake. Ikawa hivyo hadi tarehe 6 Machi 2025 asubuhi, alipofariki nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Clara.

Jana mpwa yule alifika msibani. Aliwaamkia wazee wote, akaomba kwa adabu habari za Mbagala zisisomwe leo. Marehemu aliagiza zisomwe. Zimesomwa.

Ameacha mume, watoto wawili, Clara na Brightson, wajukuu wanne, na Bi. Genoveva, mwenye miaka themanini na tisa, aliyekaa hapo mbele kando ya Mwalimu. Wapo waliouliza sasa bibi atahamia kwa nani. Clara amejibu kwa niaba ya familia: haondoki Tabata.

Mungu amjalie Sekela pumziko lisilo na hofu.